Habari za Njia Zipitazo Londiani

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Kericho, akiisha kuupanda mgongo wa Mau na kuiacha njia panda ya Mau Summit, huteremka kati ya mashamba ya viazi na misitu ya misonobari hata afike Njia Panda ya Londiani, ambapo aghalabu husimama kununua mahindi ya kuchoma au ndoo ya viazi, akaupakia mzigo wake garini, akaenda zake, asijue ya kuwa mji wenyewe wa Londiani uko upande wake wa kulia, umejitenga kidogo na barabara kuu, na ya kuwa kwa muda wa miaka 16 hivi mji huo mdogo ulikuwa mlango wa nchi ya Uasin Gishu, ambapo majembe, magunia ya mbegu, vitanda na makasha ya fedha yaliyokusudiwa Eldoret yalishushwa kutoka garimoshi na kupakiwa juu ya magari ya ng'ombe.

Tangu kilipoundwa chama cha kuitangaza Afrika Mashariki kwa watalii, huko Nairobi, mara baada ya Vita Vikuu vya Pili, wageni wa Kenya wameonyeshwa zaidi vitu viwili, yaani wanyama na bahari. Na barabara za nyanda za juu za magharibi zimehesabiwa kuwa ni ngazi tu za kumfikisha mtu Kisumu au Maasai Mara. Mimi naona ya kuwa njia zikutanazo kandokando ya Londiani zastahili kusafiriwa kwa ajili yake zenyewe, na kwamba atakayezitangaza hatakuwa na haja ya kuzipamba, maadamu atazisimulia habari zake zote, za fahari na za uchungu pamoja. Kwa maana mandhari isiyo na habari huchosha macho upesi, ilhali mahali ambapo mtu amejua yaliyotendeka hapo hapamtoki moyoni.

Mji huu umekaa juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, chini ya mlima uitwao kwa jina lake, na asubuhi za Julai ukungu wake ni mzito kiasi cha kuwalazimisha madereva kuwasha taa. Mvua inyeshayo katika mgongo huu hugawanyika mafungu mawili: maji ya upande wa mashariki huingia katika mto Molo na kukomea ziwa Baringo, na maji ya upande wa magharibi huufuata mto Nyando hata ziwa Victoria, na kutoka huko hujiunga na Naili, yakapita Sudani na Misri hata Bahari ya Mediterania.

Njia za kwanza za nchi hii hazikukatwa na serikali yoyote. Zilikuwa vijia vya Waogiek waliofuata mizinga yao ya asali msituni, na vya Wakipsigis na Wanandi waliohamisha ng'ombe kutoka malisho hadi malisho. Kisha katika karne ya kumi na tisa zikaja safara za watu wa pwani, waliotoka Pangani na Mombasa wakitafuta pembe za ndovu, wakipanda kwa njia ya Baringo hata wakafika kwa Sundu na, baadaye, kwa Mumia katika nchi ya Wanga. Na miongoni mwa wakuu wa safara hizo alisifika sana Jumbe Kimameta wa Pangani, ambaye Mwingereza Joseph Thomson aliandamana naye mwaka wa 1883, maana bila ya mtu ajuaye njia na ajuaye kusema na Wamasai, safari ile isingalifika mbali. Mpagazi wa zama hizo alichukua frasila mbili kichwani au begani, akatembea kwa miezi.

Wazungu walipotaka kuifikia Uganda kwa gurudumu badala ya kichwa cha mtu, kazi ilikabidhiwa Kapteni Sclater wa askari wahandisi, ambaye kuanzia mwaka wa 1895 aliiendeleza barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Kibwezi, kwa Naivasha na Nakuru, ikapanda Eldama Ravine na misitu ya Timboroa, ikashuka hata Mumias na Busia. Yeye mwenyewe hakupata kuitumia sana, maana alifariki Unguja mwaka wa 1897. Eldama Ravine, iliyo kaskazini ya Londiani, ikawa kituo kikuu cha safara. Na ilikuwa katika kurudi kutoka Ravine, mwezi wa Novemba 1895, kwamba safara moja kubwa ya wapagazi Waswahili na Wakikuyu iligombana na Wamasai katika bonde la Kedong, wakauawa mamia ya watu kwa siku moja. Natamani kila mtu apitaye barabara ile ya Ravine, ambayo siku hizi ni ya lami na yenye uzuri wa kipekee inapoteremka kuelekea Bonde la Ufa, ajue ya kuwa iliwahi kukanyagwa na watu wa aina hii, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Reli ndiyo iliyoizaa Londiani. Wajenzi walipokwisha kuishinda Mau, wakifikisha njia ya chuma futi 8,322 juu ya bahari pale Mau Summit, iliwabidi kuishusha tena upande wa pili, katika nchi iliyokatwakatwa na makorongo. Wakaomba madaraja ya chuma kutoka Marekani, na kampuni ya American Bridge ikawajengea madaraja marefu 27, mengine ya kimo cha kutisha, ambayo garimoshi liliyavuka polepole huku abiria wakitazama chini vilele vya miti. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali palipoitwa kwanza Port Florence na sasa Kisumu. Wengi hawajui ya kuwa siku hiyo Londiani haikuwa Kenya hata kidogo: nchi yote kutoka Naivasha kwenda magharibi ilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda, mpaka Aprili 1902 ilipohamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, kwa kalamu, pasipo mwenyeji hata mmoja kuulizwa.

Sasa nafika kwenye njia ambayo kwangu mimi ni johari ya njia zote za Londiani, nayo ni ile ya kaskazini. Mwaka wa 1908 kundi la Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, watu wapatao 280, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walishuka Mombasa pamoja na magari yao ya ng'ombe, wakapanda reli hata Nakuru, na kutoka hapo, kuanzia mwezi wa Agosti, wakajikatia njia katika msitu na mianzi ya Timboroa, wakatokea katika uwanda wa Uasin Gishu mwezi wa Oktoba. Serikali iliwagawia ardhi kana kwamba haikuwa na wenyewe, ingawa Wanandi walikuwa wakiilisha mifugo yao humo. Na miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wao, yaani kiongozi wao mkuu, alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano alioitiwa kwa jina la amani. Walowezi walipokwisha kukaa, walihitaji stesheni ya kuteremshia vitu vyao, na Londiani ikawa ndiyo stesheni hiyo, na kutoka hapo hata Eldoret, ambayo wakati huo iliitwa Sitini na Nne kwa nambari ya shamba ilimojengwa, ikapita barabara ya magari ya ng'ombe yenye urefu wa maili zaidi ya 60.

Kuiita barabara ni kuisifu. Gari lenyewe lilikuwa na magurudumu manne ya mti yaliyovikwa pete za chuma, ya nyuma makubwa kuliko ya mbele, na juu yake turubai lililotandwa juu ya matao. Maksai 16 walifungwa nira wawili wawili, wakavuta mnyororo mmoja mrefu. Mbele alitangulia kijana ameshika ugwe wa maksai wa kwanza, miguu mitupu katika tope la baridi, na ubavuni akaenda mwenye mjeledi, ambaye alimwita kila maksai kwa jina lake. Kiangazi safari ilikwenda kwa siku kadhaa; masika ilikuwa kwa majuma. Gari lilipozama hata ekseli, maksai wa gari la nyuma walifunguliwa wakaunganishwa na wa mbele, wakawa 32 katika mnyororo mmoja, na kama gari halikutikisika, mzigo wote ulipakuliwa, gunia moja moja, ukapangwa juu ya majani, gari likavutwa tupu, na mzigo ukarudishwa juu yake na mabega ya watu. Maksai waliokufa kwa ugonjwa wa kupe au kwa kuvunjika viungo waliachwa kandokando, na fisi wa Timboroa walishiba.

Husimuliwa Eldoret hata leo ya kuwa mwaka wa 1912, Standard Bank ya Afrika ya Kusini ilipotaka kufungua tawi hapo, sanduku la chuma la kuwekea fedha lililetwa kwa gari la ng'ombe, likaanguka lilipokuwa likishushwa, na kwa uzito wake halikuinulika tena, basi watu wakaona ni afadhali kuijenga benki ya udongo pale pale, kulizunguka. Kisa hiki hupendwa na wageni, nami sina neno nacho. Ila kwa kawaida msimulizi humtaja meneja wa benki, akamsahau kijana aliyeshika ugwe kutoka Londiani, na pasipo yeye sanduku lisingaliondoka stesheni.

Mwaka wa 1921 serikali ilianza kujenga reli mpya kutoka Nakuru, ikapita Timboroa, ambayo stesheni yake iliyo juu ya futi 9,000 ilisifiwa kuwa ya juu kuliko zote katika Dola la Kiingereza, na vibarua Waafrika walioijenga walilala katika kambi zenye baridi kali. Reli hiyo ilipofika Eldoret mwaka wa 1924, Londiani ilipoteza kazi yake mara moja. Magari ya ng'ombe yakauzwa, maduka ya Wahindi yakapungua, na mji ukabaki na misitu yake. Na ilikuwa ni haki ya misitu hiyo kwamba mwaka wa 1957 ikafunguliwa hapa shule ya kuwafundisha walinzi na wasimamizi wa misitu, ambayo sasa ndiyo Chuo cha Misitu cha Kenya.

Kuhusu njia ya magharibi nitasema kwa ufupi, ijapokuwa ndiyo ambayo ningemshauri mgeni mwenye nusu siku tu. Huifuata reli kwa karibu, ikashuka Kipkelion, iliyoitwa zamani Lumbwa, ambapo wamonaki wa Kitrapisti walikaa kwa ibada na ufugaji kwa zaidi ya miaka 50 hata machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007 yakawahamisha Uganda. Kisha hufika Fort Ternan, na hapo, katika shamba la mlowezi Fred Wicker, Dakta Louis Leakey alifukua mwaka wa 1961 mifupa ya taya ya kiumbe aliyeishi miaka milioni 14 iliyopita, akampa jina la Kenyapithecus wickeri. Kutoka hapo barabara huanguka katika joto la miwa ya Muhoroni, na mtu aliyevaa koti Londiani hulivua kabla ya saa mbili kwisha. Sijui barabara nyingine fupi kama hiyo inayompitisha mtu katika hali za hewa nyingi hivyo na zama nyingi hivyo.

Njia ya kusini ni ya majani chai. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali iliwatengea maofisa waliojeruhiwa vitani ekari 25,000 karibu na Kericho, ardhi ya Wakipsigis, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, shirika lao likafilisika, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na kupanda chai, ambayo hupenda mvua ya mchana iletwayo na upepo wa ziwa. Leo mashamba hayo, yaliyokatwa sawasawa kimo cha kiuno na kutandazwa juu ya vilima hata upeo wa macho, ndiyo picha inayowekwa katika kila kitabu cha Kericho, na ni haki yake, maana ni mazuri kweli kweli, hasa jua la asubuhi linapoyapiga baada ya mvua. Lakini mwaka wa 1934 watu wa ukoo wa Talai, wazee kwa watoto, waliondolewa kwa sheria iliyotungwa kwa ajili yao peke yao, wakapelekwa Gwassi, karibu na ziwa, penye joto na mbung'o, na wengi wakafia huko. Kizazi chao hakijanyamaza mpaka leo. Mtu anayewaalika wageni kuutazama ubichi wa Kericho, akanyamaza juu ya Gwassi, huwadhulumu wageni hao pia, kwa kuwa huwanyima nusu ya kile walichokuja kukiona.

Kupita Kericho mjini, penye Hoteli ya Chai iliyojengwa na Brooke Bond katika miaka ya 1950, barabara huendelea Litein, Sotik na Bomet, na mashamba makubwa ya makampuni huwapisha wakulima wadogo, kila mmoja na kipande chake cha chai, ng'ombe wake wawili na mti wake wa parachichi. Hapa msafiri afanye adabu akubali kibuyu cha mursik akikaribishwa. Maziwa haya hugandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, na yakimiminwa huwa na michirizi ya kijivu, na ladha ya moshi iliyo kali kwa mara ya kwanza. Bomet yenyewe ina maporomoko ya Tenwek katika mto Nyongores, na jirani yake hospitali ya misheni iliyoanza katika miaka ya 1930, ambayo watu huijia kutoka mbali.

Wala si jambo geni kuzisafiri njia hizi kwa kuzipenda tu. Chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kiliundwa Nairobi mwaka wa 1919, na mwanzilishi wake, Galton-Fenzi, ndiye aliyefika Mombasa kwa motokaa kutoka Nairobi mwaka wa 1926, kabla ya kuwapo barabara ya kuaminika. Mwaka wa 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakaanzishwa mashindano ya Safari, yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na nchi hii ya Mau na Kericho ikawatoa jasho madereva wengi waliozoea barabara za Ulaya. Basi dereva aliyewatia watu wa Afrika Mashariki fahari kuliko wengine alikuwa mwana wa Kericho hasa: Joginder Singh, aliyezaliwa hapo mwaka wa 1932, akafanya kazi ya kuwasaidia wenye magari yaliyoharibika njiani, na mwaka wa 1965, akiwa na nduguye Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika, akashinda Safari, akashinda tena mwaka wa 1974 na wa 1976. Ajabu yangu ni kwamba mtu aweza kuvuka wilaya yote asione hata kibao kimoja cha kumtaja.

Mataifa mengine yamekwisha kulitambua jambo hili. Wajerumani, nchi yao ikiwa bado magofu ya vita, waliunda mwaka wa 1950 njia moja kutoka Würzburg hata Füssen, wakaipa jina na alama, na miji midogo iliyokuwa haina mgeni ikapata riziki. Wamarekani walianza mwaka wa 1935 kujenga katika milima ya Appalachia barabara ya maili 469 ya kutazamia nchi tu. Na jirani zetu Watanzania waliiandikisha UNESCO mwaka wa 2006 njia ya safara kutoka Bagamoyo hata Ujiji katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuhifadhiwa, utumwa wake na pembe zake na yote, wala hawakuona haya kuitaja kwa jina lake.

Kwetu yatakiwa kwanza usalama. Jioni ya Ijumaa tarehe 30 Juni 2023 lori lililobeba kontena lilishindwa kusimama katika mteremko wa Njia Panda ya Londiani, likawaangukia wachuuzi na abiria wa matatu waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Walikuwa pale kwa sababu magari husimama pale, na magari husimama pale kwa sababu hakuna aliyewapa wasafiri sababu ya kusimama mahali pengine. Ni muhali kuzungumza juu ya kuwavuta wageni katika njia hizi pasipo kuanza na jambo hilo: soko la viazi na mahindi liondolewe ukingoni mwa mteremko, lijengwe ndani, upande wa mjini, penye nafasi ya kuegesha magari, na wachuuzi wapewe vibanda vyao kabla ya kukatazwa barabarani.

Na mahali pafaapo ni karibu na stesheni ya reli, ambayo garimoshi la abiria la Kisumu lilianza kuipita tena mwishoni mwa 2021. Serikali za kaunti ya Kericho na ya Bomet zingeweka hapo kibao cha kwanza, na vingine Kipkelion, Fort Ternan, Kericho, Litein, Sotik na Tenwek, kwa Kiswahili na Kikipsigis, na vijana wa mji wakafundishwa kuwaongoza wageni kwa malipo yaliyowekwa wazi. Wageni waanze asubuhi, kwa maana mvua ya Kericho huja alasiri na mawe yake huweza kuvunja kioo. Na katika kibao cha stesheni iandikwe miji iliyopokea mizigo yake kutoka hapa, tangu Ravine hata Eldoret, na idadi ya maksai wa gari moja, na kwamba mbele yao alitangulia kijana akishika ugwe.